Je, Wajua? Sauti Zilizokwama Mlangoni

Je, wajua kwamba riwaya ya Kiafrika iliyosomwa na watu wengi kuliko zote ilikaribia kupotelea katika ofisi ya wapiga taipu? Chinua Achebe, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika redio ya Nigeria, aliona kwenye gazeti tangazo la kampuni ya London inayopiga taipu miswada. Akafunga mswada wake, ulioandikwa kwa mkono na usio na nakala nyingine duniani, akautia posta. Kampuni ikadai pauni 32, akalipa. Kisha kimya. Akaandika barua, kimya. Miezi ikapita. Aliyemwokoa ni mkuu wake wa kazi, Mwingereza Angela Beattie, aliyekuwa akienda likizo kwao na akakubali kupitia hapo. Mama huyo hakuwa mtu wa kuzungushwa. Aliwajia juu, mswada ukatafutwa ulikotupwa, ukapigwa taipu, ukarudishwa Lagos nakala moja tu bila hata kikaratasi cha maelezo. Things Fall Apart ikatoka London mwaka 1958, na wachapishaji, Heinemann, wakathubutu kuchapa nakala 2,000 pekee. Leo imefasiriwa kwa lugha zaidi ya 50. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua shujaa wake kupitia tafsiri ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo.

Nimeanza na mkasa huu kwa makusudi. Ukichungulia historia ya fasihi na sanaa za bara hili, mara nyingi utakuta habari ya namna kazi ilivyopenya mlangoni ni ndefu kuliko habari ya namna ilivyotungwa.

Wajua Achebe naye baadaye alishika funguo? Mwaka 1962 Heinemann walianzisha mfululizo wa African Writers Series, vile vitabu vya jalada la rangi ya chungwa vilivyojaa maktaba za shule zetu. Achebe akawa mhariri mshauri wake kwa miaka 10, bila mshahara. Flora Nwapa, Mnigeria mwenzake, alipompelekea mswada wa riwaya yake, alijibiwa kwa barua yenye gini moja ndani yake, ya kulipia posta ya kuupeleka mswada huo London. Efuru ikatoka mwaka 1966. Mwaka huohuo, Nairobi, Grace Ogot, muuguzi kwa taaluma, alichapishiwa The Promised Land. Ogot aliingia bungeni baadaye, na mwaka 1983 akatoa kitabu cha Kijaluo, Miaha. Nwapa hakutaka tena kungoja mtu wa kumfungulia, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji.

Je, wajua nani hakualikwa Makerere?

Juni 1962, Kampala. Waandishi wa Afrika walikusanyika katika Chuo cha Makerere kwa mkutano ambao hadi leo unatajwa kila fasihi ya Afrika inapojadiliwa. Alikuwapo Achebe, alikuwapo Wole Soyinka, alikuwapo mshairi Christopher Okigbo, alikuwapo Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, na Langston Hughes alitoka Marekani. Mwanafunzi mmoja wa chuoni hapo, James Ngugi, alipata nafasi kwa sababu ya hadithi fupi alizokwisha kuchapisha, akautumia wasaa huo kumpa Achebe mswada wake ausome. Mswada huo ukawa Weep Not, Child, na mwandishi wake akaja kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o.

Lakini mkutano uliitwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert alikuwa Tanga, safari ya treni na basi tu kutoka hapo. Alikwisha kuandika Kusadikika, alikwisha kuandika Adili na Nduguze, alikwisha kuwafundisha ushairi watu ambao hakuwahi kuwaona. Hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe alilisema hilo waziwazi miaka mingi baadaye. Na mwezi uleule wa Juni 1962, Shaaban Robert akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 53.

Na kuna la kuongezea. Fedha za mkutano ule zilipitia kwenye jumuiya ya Congress for Cultural Freedom, ambayo miaka michache baadaye ilibainika kuwa ikifadhiliwa kisirisiri na CIA. Wengi wa waandishi waliokuwapo hawakuwa na habari. Yaani ujasusi wa Marekani ulipata kiti ukumbini, Kiswahili hakikupata.

Wajua Kiswahili kilikuwa na fasihi ya maandishi miaka mingapi kabla ya kikao hicho? Nakala ya Utendi wa Tambuka ya Mwengo wa Athumani, aliyeutunga Pate kwa ajili ya mfalme wake, ni ya mwaka 1728. Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake Mwana Hashima, ulitungwa mnamo 1858, miaka 100 kamili kabla ya kitabu cha Achebe. Tendi hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikanakiliwa kwa mkono nyumba kwa nyumba. Hazikuhitaji wapiga taipu wa London.

Wajua Okot p'Bitek alifika Uingereza kwa miguu yake, maana yake kwa kucheza mpira? Alikwenda mwaka 1956 na timu ya taifa ya Uganda, akabaki huko kusoma. Shairi lake refu la Lawino alilitunga kwanza kwa Kiacholi, lakini kilichotangulia kutoka kitabuni, mwaka 1966, ni Kiingereza. Wer pa Lawino ya Kiacholi ilingoja hadi 1969. Paul Sozigwa akatupa ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino.

Boubacar Boris Diop wa Senegali alipita njia ya kinyume. Mwaka 1998 alikwenda Rwanda pamoja na waandishi wengine wa Kiafrika kuandika juu ya mauaji ya kimbari, akatoa riwaya ya Murambi kwa Kifaransa. Aliporudi kutoka katika kazi hiyo alianza kuandika Kiwolofu, na Doomi Golo ikatoka Dakar mwaka 2003.

Je, wajua vitabu vilivyoanzia chooni?

Si mzaha. Wanne kati ya waandishi wakubwa wa bara hili waliandika kwenye karatasi za chooni kwa sababu gerezani hawakuruhusiwa nyingine.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na umri wa miaka 22 tu alipotoa kijikaratasi cha siasa kilichoitwa Kenya: Twendapi?. Swali hilo lilimgharimu kifungo cha miaka 3. Katika Gereza la Kamiti aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za choo, na yalipotoka mwaka 1973 yakaitwa Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikashinda tuzo kubwa ya fasihi nchini Kenya. Jina la tuzo? Tuzo ya Jomo Kenyatta. Rais aliyekuwa madarakani mshairi alipofungwa ndiye aliyebeba jina la zawadi. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Kamiti hiyohiyo, mwaka 1978, akawamo Ngũgĩ. Yeye aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuchezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa lugha yao. Hapo ndipo alipoamua kwamba riwaya itakayofuata ni ya Kikuyu. Aliiandika kwenye karatasi za choo, ambazo za Kamiti zilikuwa ngumu kama adhabu lakini zilishika wino vizuri. Askari jela walimsaidia bila kujua: aliwachokoza kwa maswali ya maneno na methali za Kikuyu, akarudi seli kuandika. Caitaani Mũtharaba-inĩ ikatoka mwaka 1980. Watu waliinunua wakasomeana nyumbani, katika matatu na katika baa. Kwenye baa, asimulia Ngũgĩ, msomaji hodari alifika mahali patamu akasita, akatazama glasi yake iliyokauka. Wateja wakaelewa, wakaagiza. Kwa Kiswahili riwaya hiyo ni Shetani Msalabani.

Wole Soyinka alizuiwa tangu 1967 hadi 1969, wakati wa vita vya Biafra, muda mwingi akiwa peke yake. Aliandika kwenye karatasi za choo, kwenye pakiti za sigara, na katikati ya mistari ya vitabu vya wengine. Wino alijitengenezea mwenyewe.

Na Nawal El Saadawi, daktari na mwandishi wa Misri, alipofungwa na serikali ya Anwar Sadat mwaka 1981, alipata kalamu ya nyusi. Aliyempa ni mfungwa mwenzake aliyeingizwa ndani kwa ukahaba. Kwa wanja huo na karatasi za choo akaandika kumbukumbu zake za gereza la wanawake. Sipendi tabia ya kusimulia visa hivi kana kwamba jela ni semina nzuri ya uandishi. Wapo wengi walioingia na hawakutoka na ukurasa hata mmoja, na majina yao hatuyasomi kokote.

Baalu Girma ni mmoja wa walionyamazishwa kabisa. Mwaka 1983 alitoa Oromay kwa Kiamhari, riwaya iliyochora jinsi utawala wa kijeshi wa Derg ulivyoendesha vita vya Eritrea. Alikuwa ofisa mkubwa wa Wizara ya Habari, aliyaona mambo kwa ndani. Kitabu kikaondolewa madukani baada ya muda mfupi, naye akafukuzwa kazi. Februari 1984 aliondoka nyumbani Addis Ababa na hakuonekana tena.

Je, wajua mhusika wa riwaya aliyetafutwa na polisi? Ngũgĩ alipotoa Matigari kwa Kikuyu mwaka 1986, zilizagaa habari za mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza palipo na haki na ukweli. Kama Ngũgĩ alivyosimulia, amri ilitoka akamatwe. Upelelezi ulipogundua kwamba mtuhumiwa anaishi kitabuni, mwaka 1987 kilikamatwa kitabu chenyewe, kikafagiliwa katika maduka.

Wajua mlango mwingine ulikuwa wa kanisa? Thomas Mofolo wa Lesotho alimaliza riwaya ya Chaka kwa Kisotho mnamo 1910 na kuwakabidhi wamisionari wa Morija, waliokuwa na mtambo wa kuchapia. Waliisoma, wakagawanyika. Mbona waganga na uchawi wamepewa nafasi hivi? Mswada ukawekwa kando. Ulichapwa mwaka 1925, wakati mwandishi alikwisha kuacha uandishi akageukia biashara.

Kwetu, Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya ya msichana wa Ukerewe anayelelewa kwa fimbo kisha akaangamia kwa kutojua dunia ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kizazi kilichofuata kikatahiniwa kwayo. Ninawajua watu wazima walioisoma chini ya dawati wakiwa wadogo, kisha wakaisoma juu ya dawati wakiwa walimu.

Haraka haraka, matano ya kupumzikia:

Wajua Amos Tutuola alikuwa tarishi wa ofisi ya Idara ya Kazi mjini Lagos alipochapishiwa The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952? Wasomi wengi wa kwao walikionea haya Kiingereza chake. London walikipenda.

Wajua Dambudzo Marechera wa Zimbabwe alipopewa tuzo ya Guardian mwaka 1979 alianza kurusha sahani ukumbini?

Wajua Christopher Okigbo alipewa tuzo ya ushairi katika tamasha la sanaa za watu weusi, Dakar 1966, akaikataa kwa hoja kwamba sanaa haina rangi ya ngozi? Mwaka uliofuata akauawa vitani Biafra.

Wajua kabla ya Mwalimu Nyerere kufasiri Julius Caezar na Mabepari wa Venisi, Sol Plaatje wa Afrika Kusini alikwisha kumtia Shakespeare kwenye Kitswana? Tafsiri yake ya kwanza ilichapwa mwaka 1930, mwaka uleule ilipotoka riwaya yake Mhudi, iliyokuwa imengoja karibu miaka 10.

Wajua Mariama Bâ wa Senegali aliandika kitabu kidogo tu, barua ya mjane kwa rafiki yake, kikashinda Tuzo ya Noma ya kwanza kabisa mwaka 1980? Alifariki mwaka uliofuata, riwaya yake ya pili ikiwa bado haijatoka. Kwa Kiswahili tunayo: Barua Ndefu Kama Hii.

Je, wajua kuli aliyeanzisha sinema?

Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa kuli katika bandari ya Marseille. Mwaka 1951 aliumia uti wa mgongo akipakua mizigo, na kitandani akapata muda wa kusoma na kuandika. Riwaya yake ya kwanza, mwaka 1956, ilimhusu kuli mweusi. Aliendelea na vitabu vingine, kisha akajiuliza swali la mtu wa bandarini: makuli wenzangu watavisoma lini? Wengi wa wananchi wake hawakujua kusoma Kifaransa. Akiwa na umri wa miaka karibu 40 alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika kama 20 juu ya mwendesha mkokoteni wa farasi wa Dakar. Mwaka 1966 akatoa La Noire de…, ambayo inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mtu mweusi wa kusini mwa Sahara. Bado humo msichana wa kazi asiyejua vizuri Kifaransa anawaza kwa Kifaransa safi. Sembène alilirekebisha hilo mwaka 1968: Mandabi ikasema Kiwolofu. Waliotoa fedha walitaka Kifaransa, hivyo ilimbidi apige matoleo mawili. Historia imeshika la Kiwolofu.

Makuli wa Zanzibar nao walipata mwandishi wao. Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliandika mgomo wa bandarini wa 1948. Riwaya yake nyingine, Vuta N'kuvute, iligeuzwa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021 ikisema Kiswahili chake kilekile cha visiwani.

Je, wajua nani alisafiri hadi Bombay ili sauti yake isikike Ng'ambo na Mji Mkongwe wa Zanzibar? Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 katika familia ya watu wa hali ya chini na kupewa jina la Mtumwa, aliuza vyungu kwa miguu kabla ya kuuza santuri. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka India yeye na wenzake kurekodi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyetoka kwenye santuri, na kwa Kiswahili, wakati taarabu ya kasri ya Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Watu waliokuwa wakikusanyika mbele ya gramafoni mkahawani walimsikia akiimba habari za mahakama, za matajiri wezi, za wanawake waliodhulumiwa. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, yule ambaye hakualikwa Makerere. Na wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipotaka jina la jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.

Solomon Linda hakupata mwandishi wa wasifu mapema hivyo. Mwaka 1939, Johannesburg, yeye na kundi lake waliimba Mbube mbele ya kinasa sauti cha kampuni ya Gallo. Inasimuliwa kwamba aliuza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina zaidi ya mara moja, ukaimbwa na kila aliyeweza kuimba, ukaingia kwenye filamu ya Disney ya simba mfalme. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa fukara. Binti zake walikuja kufikia mapatano ya malipo mwaka 2006.

Wajua picha maarufu zilizoning'inizwa New York bila jina la mpigaji? Mwaka 1991, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika, wageni walisimama wakishangaa picha za watu wa Bamako: wanawake waliokaa kwa madaha, vijana wenye saa mpya, nyuma yao kitambaa cha maua. Kando yake iliandikwa tu kwamba mpigaji hajulikani. Alijulikana sana. Bamako nzima ilimjua Seydou Keïta. Studio yake, aliyoifungua mwaka 1948, haikuwa mbali na kituo cha treni, na wateja walipanga foleni. Kitambaa kile ni tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Alikuwa akibadilisha pazia la nyuma kila baada ya miaka michache, na uzeeni, akiulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, alitazama pazia ndipo akajibu. Mtu alitoka Ufaransa akaenda Bamako kuuliza, akampata bila taabu. Inaonekana hakuna aliyekuwa amejaribu kuuliza kabla yake. Mwenzake wa Bamako, Malick Sidibé, alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007, mpigapicha wa kwanza kupewa tuzo hiyo ya kazi ya maisha.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akiuza kando ya maduka ya Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Kazi yake yote ilidumu miaka 4 hivi. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Sasa fika Lubumbashi, ambako Kiswahili kilisimulia historia kwa brashi. Tshibumba Kanda Matulu aliishi kwa kuuza michoro nyumba kwa nyumba. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Kongo, michoro kama 100 hivi, tangu zama za wahenga hadi Lumumba na baada yake. Kila alipoleta mchoro, waliketi na kinasa sauti, akaufafanua kwa Kiswahili cha Shaba, akibishana na vitabu vya shule na kujiita mwanahistoria. Kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya historia muhimu kuwahi kusimuliwa kwa Kiswahili, na bado hatuisomi mashuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alipotea, na hakuna habari zake za uhakika tangu hapo. Michoro iko Amsterdam.

Je, wajua sanamu lililokataliwa kwenda sherehe ya kwao? Nigeria ilipoandaa tamasha kubwa la FESTAC mwaka 1977, ilichagua kuwa nembo kinyago cha pembe cha Malkia Idia wa ufalme wa Benin wa Nigeria, kilichotwaliwa na Waingereza walipoivamia Benin mwaka 1897. Ikaomba kukiazima. Jumba la makumbusho la Uingereza likakataa. Nigeria ikatumia nakala, na hiyo nakala ndiyo iliyobandikwa kwenye kila bango, kitambaa na stempu.

Dahomey ya zamani, ambayo leo ni Jamhuri ya Benin, ilibahatika zaidi. Novemba 2021 Ufaransa ilirudisha nchini Benin hazina 26 za kifalme. Mtengenezaji wa filamu Mati Diop alifuatana nazo na kamera, na katika filamu yake Dahomey sanamu la Mfalme Ghezo, lililopewa namba 26 kwenye masanduku, linazungumza lenyewe kwa Kifon na kulalamikia namba hiyo. Filamu ilishinda Dubu wa Dhahabu wa Berlin mwaka 2024.

Wajua mshairi aliyehitaji saini 18? Phillis Wheatley alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka 7 hivi, akauzwa Boston mwaka 1761 na kupewa jina la meli iliyomleta. Kitabu chake cha mashairi kilipotoka London mwaka 1773, kilitanguliwa na tamko la mabwana 18 wa Boston, gavana miongoni mwao, wakithibitisha kwamba mashairi ni yake kweli.

Ufaransa nayo ilikuwa na masharti yake. Tuzo ya Goncourt ilimpata mtu mweusi kwa mara ya kwanza mwaka 1921: René Maran, mwenye asili ya Guyane na ofisa wa kikoloni Ubangi-Shari, kwa riwaya ya Batouala. Kwa kuwa kitabu kiliushambulia ukoloni, kilipigwa marufuku makoloni, na Maran akaachia kazi. Mwaka 1968 Yambo Ouologuem wa Mali akashinda Tuzo ya Renaudot. Miaka michache baadaye akashutumiwa kunakili kazi za wengine, akarudi kwao, hakuchapisha riwaya nyingine, akafariki mwaka 2017. Ndipo Mohamed Mbougar Sarr wa Senegali, kijana wa miaka 31, akaandika riwaya juu ya mwandishi wa Kiafrika anayenyamaza baada ya shutuma kama hizo, akaitabaruku kwa Ouologuem, na Goncourt ikamwangukia mwaka 2021. Ilichapwa kwa ubia wa kampuni ndogo ya Paris na Jimsaan ya Dakar, ambayo mmoja wa waasisi wake ni Boubacar Boris Diop.

Mwaka huo wa 2021 unastahili safu yake peke yake. Goncourt kwa Sarr. Booker kwa Damon Galgut wa Afrika Kusini. Booker ya Kimataifa kwa David Diop, aliyekulia Senegali. Camões, tuzo kuu ya Kireno, kwa Paulina Chiziane, mwanamke wa kwanza wa Msumbiji kuchapisha riwaya. Neustadt ikamtangaza Boris Diop. Na Oktoba 7, Nobel kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Alikuwa jikoni simu ilipolia, akadhani ni wale wapiga simu wa kuuza vitu.

Hapa mlango ulikuwa wetu sisi. Gurnah aliandika riwaya 10 kabla ya Nobel, na lugha aliyozaliwa nayo haikuwa na hata moja kati ya hizo. Paradise ilitoka mwaka 1994. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mcheza kwao hutuzwa, lakini yeye alingoja miaka 28.

La mwisho. Wajua kuna kitabu cha Kiafrika kilichokamilika ambacho wewe na mimi hatutakisoma? Tsitsi Dangarembga aliandika Nervous Conditions, wachapishaji wa kwao Zimbabwe wakamkatalia, ikatoka London mwaka 1988, riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa na mwanamke mweusi wa nchi hiyo. Mwaka 2021 alichaguliwa na mradi wa Future Library wa Oslo, unaokusanya mswada mmoja kila mwaka na kuufungia hadi mwaka 2114, utakapochapwa kwa karatasi za miti 1,000 iliyopandwa msituni kwa kazi hiyo. Aliukabidhi mswada wake, ukawekwa kabatini kwa hiari yake mwenyewe. Alichotangaza ni jina lake tu: Narini and Her Donkey. Narini na punda wake. Yaliyowapata hao wawili waulizeni vilembwe wenu.